Kilomita 665 kati ya Nairobi na Dar es Salaam: umbali, muda na gharama za safari ya anga

Umbali wa anga kati ya viwanja viwili vya ndege ni urefu wa njia fupi kuliko zote inayoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kutoka kimoja hadi kingine. Kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi na ule wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, njia hiyo ina urefu wa takriban kilomita 665. Kwa barabara, kupitia Namanga na Arusha, safari hiyohiyo inakaribia kilomita 900. Ndege ya jeti ya abiria ikishafika juu huenda kwa mwendo wa takriban kilomita 830 kwa saa, hivyo ukigawa umbali kwa mwendo unapata dakika 48. Ratiba za mashirika ya ndege, hata hivyo, huipa safari hiyo kati ya saa moja na robo na saa moja na nusu.

Nusu saa hiyo iliyozidi ndiyo inayobeba uchumi wa usafiri wa anga wa Afrika Mashariki. Biashara hii katika ukanda wetu imesimama juu ya safari fupi, na katika safari fupi sehemu kubwa ya muda na ya gharama hutumika kabla ndege haijapaa na baada ya kutua. Ndiyo maana kilomita moja ya kwenda Zanzibar humgharimu abiria mara nyingi zaidi ya kilomita moja ya kwenda New York, na ndiyo maana treni imeanza kuwavuta abiria ambao zamani wangepanda ndege.

Namna umbali unavyopimwa

Kila kiwanja cha ndege kina nukta yake rasmi ya rejea, ambayo kwa kawaida iko karibu na katikati ya njia za kurukia. Nukta hiyo hutajwa kwa latitudo na longitudo. Uwanja wa Julius Nyerere uko nyuzi 6.88 kusini ya ikweta na nyuzi 39.20 mashariki, ule wa Jomo Kenyatta uko nyuzi 1.32 kusini na nyuzi 36.93 mashariki. Tofauti ni nyuzi 5.56 za latitudo na nyuzi 2.27 za longitudo. Karibu na ikweta uzi mmoja wa kila upande ni sawa na takriban kilomita 111, hivyo viwanja hivi vimetengana kwa kilomita 617 kutoka kusini hadi kaskazini na kilomita 252 kutoka mashariki hadi magharibi. Kanuni ya Pythagoras ya pembetatu mraba, inayofundishwa sekondari, inatosha kukamilisha hesabu: jibu ni kilomita 666.

Njia hiyo rahisi inafaa kwa masafa mafupi ya karibu na ikweta tu. Dunia ni mviringo, na nyuzi za longitudo husogeleana kadiri mtu anavyokwenda kwenye ncha. Kwa masafa marefu hutumika hesabu ya duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia yenyewe. Kipande cha duara hilo kilicho kati ya viwanja viwili ndicho njia fupi kuliko zote. Ikichorwa kwenye ramani bapa, njia hiyo huonekana imepinda, na mtu asiyejua hudhani rubani anazunguka.

Vyanzo tofauti huweza kutoa majibu yanayotofautiana kwa kilomita mbili tatu. Sababu ni kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378, na kwenye ncha ni kilomita 6,357. Anayetumia wastani wa kilomita 6,371 hupata kati ya Nairobi na Dar es Salaam kama kilomita 668. Anayezingatia umbo halisi la dunia hupata 665.

Marubani na waongoza ndege hawatumii kilomita katika kazi zao za kila siku. Hutumia maili ya baharini, yenye mita 1,852, kipimo walichokirithi kwa manahodha. Asili yake ni sehemu moja ya sitini ya uzi mmoja wa latitudo, ndiyo maana kilikuwa rahisi kusomwa moja kwa moja kwenye chati. Kwa kipimo hicho, Nairobi na Dar es Salaam zimetengana kwa maili 359.

Kutoka kabari hadi kabari

Katika biashara ya ndege muda wa safari hauhesabiwi kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi. Huhesabiwa kuanzia kabari zinazozuia magurudumu zinapoondolewa kwenye maegesho, hadi zinaporudishwa mahali ndege inakofika. Muda huo ndio unaoandikwa kwenye ratiba na kwenye tiketi, na ndio unaotumika kukadiria gharama ya safari, malipo ya wahudumu na matengenezo.

Ndani ya muda huo mna kazi nyingi. Trekta huisukuma ndege kurudi nyuma kutoka kwenye maegesho, injini huwashwa, kisha ndege hujongea hadi mwanzo wa njia ya kurukia na kusubiri zamu yake. Nairobi hutegemea njia moja ya kurukia, na asubuhi na jioni ndege zinapofuatana kwa wingi, kusubiri huko ni jambo la kawaida. Baada ya kupaa, ndege huweza kulazimika kwenda kwanza upande usio wa safari yake, kwa kuwa huruka ikiukabili upepo na si ikiuelekea mji inakokwenda. Chini ya futi 10,000 kanuni iliyozoeleka huiwekea mwendo usiozidi noti 250, yaani maili 250 za baharini kwa saa, sawa na kilomita 463 kwa saa. Kupanda hadi mwinuko wa safari huchukua robo saa au zaidi. Jeti iliyo kwenye futi 35,000 huanza kushuka ikiwa imebakiza karibu kilomita 195.

Kwa safari ya kilomita 665, hii ina maana kwamba karibu nusu ya njia hutumika kupanda na kushuka. Mwendo kamili ambao ndege imeundwa kwenda hudumu kwa muda mfupi tu katikati. Ulinganisho wa njia nne unaonyesha jambo hili kwa uwazi. Dar es Salaam hadi Zanzibar ni kilomita 73. Kwa muda wa ratiba wa dakika 25, wastani wa mwendo ni kilomita 175 kwa saa. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 422. Kwa saa moja, wastani ni kilomita 422. Nairobi hadi Dar es Salaam, kwa saa moja na dakika 20, ni kilomita 499 kwa saa. Nairobi hadi New York, kilomita 11,840 kwa saa 15, ni kilomita 789 kwa saa. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo dakika za ardhini na za kupanda zinavyogawanywa kwa kilomita nyingi zaidi.

Mashirika huongeza pia dakika chache za akiba kwenye ratiba ili ucheleweshaji mdogo usionekane. Kipimo kinachotumika duniani kote huihesabu ndege kuwa imefika kwa wakati ikiwa haikupita dakika 15 baada ya saa iliyoandikwa. Dakika hizo za akiba zina bei yake, kwa sababu ndege huingiza fedha inapobeba abiria tu. Chukua ndege moja inayoanza kazi Nairobi saa 12 asubuhi, ikaenda Dar es Salaam na kurudi kwa saa moja na dakika 20 kila upande, na kusimama dakika 45 kila inapotua. Mzunguko mmoja huchukua saa nne na dakika kumi, na mzunguko wa nne huisha saa 3:55 usiku. Sasa ongeza dakika kumi tu kwa kila mruko na kila kituo. Mzunguko huohuo wa nne utaisha saa 6:25 usiku, wakati wahudumu wanakaribia kumaliza saa zao halali za kazi au wamezimaliza, na meneja wa ratiba atalazimika kuufuta. Shirika litakuwa limepoteza robo ya mapato ya siku kwa ndege hiyo kwa sababu ya dakika kumi.

Jeti na pangaboi

Umbali haujabadilika tangu viwanja vilipojengwa, lakini muda umefupika kwa kiasi kikubwa. East African Airways, shirika lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, lilianza safari zake mwaka 1946 likitumia ndege ndogo za de Havilland Dragon Rapide, zenye mwendo wa takriban kilomita 210 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 665 zinahitaji zaidi ya saa tatu za kuwa angani, bila kuhesabu vituo vya njiani. Shirika hilo lilivunjika mwaka 1977, na nchi zikabaki na mashirika yao, yakiwemo Kenya Airways na Air Tanzania.

Leo kuna makundi mawili makubwa ya ndege kwenye njia za ukanda huu. Kundi la kwanza ni jeti kama Boeing 737, Embraer 190, Airbus A220 na CRJ900, zinazokwenda karibu kilomita 830 kwa saa au zaidi kidogo na kupanda hadi zaidi ya mita 11,000. Kundi la pili ni ndege za pangaboi, ambazo injini zake huzungusha panga zinazoonekana kwa macho. ATR 72, inayotumiwa na Precision Air, huenda takriban kilomita 500 kwa saa. Q400, iliyomo katika mashirika ya Air Tanzania na Jambojet, hufika karibu kilomita 660 kwa saa. Chini yao zipo ndege ndogo kama Cessna Caravan, yenye mwendo wa kilomita 340 hivi kwa saa na uwezo wa kutua kwenye viwanja vya changarawe vya mbugani na visiwani.

Kwenye karatasi jeti inashinda kwa mbali. Dar es Salaam hadi Kilimanjaro ni kilomita 448: jeti ingezimaliza kwa dakika 32, na ATR kwa dakika 54. Lakini jeti haipati nafasi ya kudumisha mwendo wake kwenye njia fupi kiasi hicho, na tofauti halisi ya ratiba hupungua hadi dakika chache. Pangaboi haina haja ya kupanda juu sana, hutumia mafuta machache zaidi, na inaweza kutua kwenye njia fupi za kurukia. Ndiyo sababu njia za chini ya kilomita 500 zimebaki kuwa uwanja wake. Kwa safari za kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, kilomita 851, hali hugeuka: dakika zinazookolewa zinatosha kumlipa mwenye jeti, na ndege yenye viti 132 kama A220-300 hujaza soko ambalo kwa pangaboi lingehitaji safari mbili.

Mwinuko wa kiwanja nao unaingia kwenye hesabu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mabawa hupata nguvu ndogo ya kunyanyua, na injini hutoa msukumo mdogo. Ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu huhitaji njia ndefu ya kurukia na, mchana wa joto, hulazimika kupunguza mzigo. Dar es Salaam, iliyo karibu na usawa wa bahari, haina tatizo hilo. Safari ya Nairobi kwenda Dar es Salaam hubeba mafuta machache, kwa hiyo mwinuko hauitesi. Safari ya Nairobi kwenda New York huihisi kila kilo.

Upepo hauachi kudai chake

Watu wa pwani walihesabu safari za Muscat na Zanzibar kwa misimu ya kaskazi na kusi: jahazi lilishuka na kaskazi na kurudi na kusi, na aliyekosa msimu alisubiri miezi. Ndege ya leo humaliza kilomita 3,900 kati ya miji hiyo miwili kwa muda wa saa tano na kitu, mwezi wowote wa mwaka. Hata hivyo upepo bado unaamua sehemu ya muda wake.

Mwendo wa ndege hupimwa dhidi ya hewa inayoizunguka. Hewa hiyo ikienda nayo, mwendo wake juu ya ardhi huongezeka. Ikija mbele yake, hupungua. Katika latitudo za kati, kwenye mwinuko wa kilomita tisa hadi 12, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, mara nyingi kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Kenya Airways ilipoanza safari za moja kwa moja kwenda New York tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege za Boeing 787-8, ratiba ilionyesha saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Kilomita ni zilezile. Saa moja inayotofautiana ni ya upepo.

Kwa shirika, upepo haurudishi chote unachochukua. Ndege yenye mwendo wa kilomita 900 kwa saa inahitaji saa nne kwenda kilomita 3,600 na saa nne kurudi. Ukivuma upepo wa kilomita 100 kwa saa, kuupinga huchukua saa nne na nusu, na kuufuata huchukua saa tatu na dakika 36. Jumla inazidi saa nane kwa dakika sita. Karibu na ikweta pepo za juu ni za wastani, na ndiyo maana ratiba ya Nairobi na Dar es Salaam inakaribia kuwa sawa kwenda na kurudi.

Mipaka ya anga na vibali

Njia fupi kijiografia huweza isiwe njia inayoruhusiwa. Ndege hufuata njia zilizowekwa angani, zilizounganishwa kwa nukta zenye majina, chini ya uangalizi wa vituo vya kuongozea ndege. Kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi uelekeo ni kaskazini kidogo magharibi, na Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, hubaki upande wa kushoto wa abiria kwa umbali wa takriban kilomita 30 kutoka mstari mnyoofu. Katika safari hii mchepuko ni mdogo.

Kwa safari za Ulaya mambo ni tofauti. Mstari mnyoofu kati ya Nairobi na Amsterdam una kilomita 6,680 na hupita juu ya Sudan Kusini, Sudan na Libya. Mapigano yalipoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023, anga ya nchi hiyo ilifungwa kwa ndege za abiria, na safari kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Kila dakika ya kuzunguka ni mafuta, ni saa za wahudumu, na kwa maua ya Naivasha yanayosafirishwa usiku kwenda kwenye minada ya Uholanzi, ni muda unaokatwa kwenye siku chache ambazo ua hubaki na thamani.

Juu ya hayo yapo mambo ya sheria. Mkataba wa Chicago wa 1944 uliipa kila nchi mamlaka kamili juu ya anga yake, hivyo safari ya kibiashara kati ya nchi mbili huhitaji makubaliano ya serikali zao. Januari 2024, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ilitangaza kuwa ingesitisha kibali cha Kenya Airways kubeba abiria kati ya Nairobi na Dar es Salaam kuanzia tarehe 22 mwezi huo, ikijibu hatua ya Kenya kutoipa Air Tanzania haki ya kubeba mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi ya tatu. Suala hilo lilimalizwa ndani ya siku chache, lakini lilikumbusha kwamba kilomita 665 huweza kuwa safari isiyowezekana kwa waraka mmoja. Azimio la Yamoussoukro la 1999 na Soko la Pamoja la Usafiri wa Anga Afrika lililozinduliwa Addis Ababa Januari 2018 vinalenga kuondoa vizuizi vya aina hiyo, na utekelezaji wake unakwenda polepole.

Soko lisilo na ndege za moja kwa moja hulipa kwa kilomita. Mwanza na Nairobi zimetengana kwa kilomita 462 tu kwa mstari mnyoofu. Abiria anayelazimika kupitia Dar es Salaam huruka kilomita 851, husubiri, kisha huruka nyingine 665: jumla kilomita 1,516, zaidi ya mara tatu ya umbali halisi. Majirani kwenye ramani huwa wageni kwenye ratiba.

Mafuta na nauli

Mafuta huchukua kati ya robo na theluthi moja ya gharama za uendeshaji za mashirika ya ndege duniani. Boeing 737-800 hutumia takriban tani mbili na nusu za mafuta kwa saa. Dakika kumi za kuzunguka angani kwa kusubiri nafasi ya kutua ni zaidi ya kilo 400, sawa na lita 520 hivi.

Ndege hairuhusiwi kubeba mafuta ya safari peke yake. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinataka iwe na mafuta ya kujongea ardhini, mafuta ya safari yenyewe, akiba ya dharura ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya mafuta ya safari, mafuta ya kufika kiwanja mbadala, na mwishowe mafuta ya kuzunguka angani dakika 30. Ndege inayokwenda Nairobi asubuhi ya ukungu huweza kuchagua Mombasa au Kilimanjaro kuwa kiwanja chake mbadala. Kwa safari fupi, akiba hizi huweza kulingana na mafuta ya safari yenyewe au kuyazidi, na kubeba uzito huo hutumia mafuta mengine.

Gharama nyingine hazijui umbali kabisa. Ada ya kutua hufuata uzito wa ndege. Ada za huduma na usalama wa kiwanja hutozwa kwa kichwa cha abiria. Huduma za ardhini, kama ngazi, trekta, upakiaji wa mizigo na usafi, hulipwa kwa kila kituo. Injini nazo huhesabiwa kwa saa na kwa idadi ya miruko, na mruko wa dakika 25 kwenda Zanzibar huhesabiwa mruko mmoja sawa na ule wa saa 15. Ada za uongozaji wa ndege peke yake ndizo zinazofuata umbali pamoja na uzito. Gharama zisizobadilika zikigawanywa kwa kilomita 73, kila kilomita hubeba mzigo mkubwa. Zikigawanywa kwa kilomita 11,840, karibu hazionekani.

Saa ya tiketi na saa ya Kiswahili

Tiketi huandikwa kwa saa za mahali ndege inakoondokea na inakofika, kwa mtindo wa saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Msomaji wa Kiswahili huanza kuhesabu mchana wake alfajiri, hivyo 07:00 ya tiketi ni saa 1 asubuhi, na 13:00 ni saa 7 mchana. Anayesoma 07:00 kama saa 7 huikosa ndege kwa saa sita. Inafaa pia kuangalia tarehe: safari ya 00:30 ya Jumatano ni saa 6 na nusu ya usiku ambao wengi huuita wa Jumanne, kwa kuwa asubuhi ya Jumatano bado haijaingia.

Kenya, Tanzania na Uganda zinatumia majira mamoja, saa tatu mbele ya majira ya Greenwich, hivyo tofauti ya saa mbili zilizo kwenye tiketi ndiyo muda wa safari. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa moja nyuma. Nairobi hadi Kigali ni kilomita 760 na safari ya takriban saa moja na nusu. Ndege ikiondoka Nairobi saa 2 asubuhi hufika Kigali saa 2 na nusu kwa saa za huko, na ikiondoka Kigali saa 2 hufika Nairobi saa 4 na nusu. Tiketi inaonyesha nusu saa kwenda na saa mbili na nusu kurudi. Muda wa kukaa kitini ni uleule.

Mlango hadi mlango

Abiria hanunui muda wa kabari. Hununua muda kutoka mlango wa nyumba yake hadi mlango wa anakokwenda. Safari ya ndani ya Nairobi hadi Mombasa ina saa moja ya ndege, lakini ina pia barabara ya kwenda uwanjani, saa moja na nusu au mbili za ukaguzi na kusubiri, kisha mizigo na barabara ya kutoka Uwanja wa Moi kuingia kisiwani. Jumla hufika saa nne bila shida. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huchukua saa tano hivi kwa safari ya haraka, ingawa stesheni za Syokimau na Miritini ziko mbali na katikati ya miji. Faida ya ndege, inayoonekana kuwa ya saa nne kwenye ratiba, hubaki saa mbili au chini yake mlangoni.

Tanzania imefika hapohapo. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza safari za abiria Julai 2024 na huchukua chini ya saa nne. Umbali wa anga kati ya miji hiyo ni kilomita 390, ndege ya saa moja. Aliye katikati ya jiji la Dar es Salaam, karibu na stesheni, akilinganisha foleni ya Barabara ya Nyerere na kusubiri uwanjani, hukuta njia hizo mbili zikikaribiana kwa muda huku nauli zikiachana mbali.

Hivyo dakika zenye faida kubwa kwa safari fupi za ukanda huu ni za ardhini. Barabara ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, imefupisha safari kati ya Westlands na uwanja kuliko ambavyo ndege yoyote mpya ingeweza kufanya. Jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Julius Nyerere, lililozinduliwa Agosti 2019 na kujengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka, limetanua nafasi ya ukaguzi. Ndege iendayo kwa kasi zaidi ya ile ya sasa ingeokoa dakika chache kati ya Nairobi na Dar es Salaam. Foleni fupi ya uhamiaji, mizigo inayotoka mapema na njia ya kurukia isiyo na msongamano huokoa nusu saa au zaidi. Kilomita 665 zitabaki zilezile, na muda wake utaendelea kuamuliwa zaidi kwenye sakafu ya viwanja viwili kuliko angani kati yao.